Njia Zinazotokea na Njia Zinazokufa: Maswali Kuhusu Barabara za Goma

Kazi yangu ni kupima parsele, yaani viwanja, hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Nabeba utepe wa mita 50, kamba na vijiti, na jioni narudi nyumbani soli zimeliwa na mawe ya lava. Wateja hawaniulizi sana kuhusu mita. Wananiuliza kuhusu njia: gari litafika hapa? Kipito hiki kinatokea wapi? Kwa nini sisi wa kartie (mtaa) ya Ndosho tunazunguka hivi? Maswali yanayorudi kila wiki ndiyo haya, na majibu ni yale ninayotoa siku ambayo mvua imetuzuia chini ya paa na nina muda wa kuyaeleza.

Watu wakisema "muunganiko wa barabara", wanamaanisha nini?

Simama mahali njia zinapokutana, uhesabu matawi. Yakiwa manne, andika 4. Yakiwa matatu, andika 3. Ukifika mwisho ukakuta ukuta, andika 1, maana tawi pekee ulilonalo ni lile ulilojia. Fanya hivyo kartie nzima, kisha tafuta wastani. Mji uliokatwa kama ubao wa drafti unakaribia 4. Kartie ambayo njia zake zimeota kama matawi ya mti, yakiachana bila kukutana tena, wastani wake haufiki 2. Hilo si la Goma tu, hesabu yenyewe ndivyo ilivyo.

Kuna njia nyingine ya kuliona jambo hili. Chora karatasini vitalu vinne kwa vinne. Kutoka pembe moja hadi pembe inayoitazama kwa mshazari, ukienda mbele tu bila kurudi nyuma, unaweza kupita njia 70 tofauti na zote zina urefu uleule. Ikizibwa moja kwa ajili ya matanga au lori lililokwama, zimebaki nyingine. Kwenye mti njia ni moja. Lori likikwama hapo, mmekwama wote.

Wapimaji wa dunia huongeza kipimo kimoja: urefu wa njia unayotembea ukigawanywa kwa umbali wa ndege anaporuka moja kwa moja. Nitarudi kwake, kwa sababu ndicho kinachowauma watu magotini.

Mji kukua na mji kutapakaa si kitu kimoja?

Hapana. Mji unaweza kukua kwa kupanda ghorofa, au kwa kujaza nafasi zilizobaki wazi katikati. Kutapakaa ni kula ardhi mpya pembeni, nyumba moja moja, zikiwa mbali na kazi na soko, na mara nyingi njia zikija baada ya nyumba. Miji miwili yenye watu sawa inaweza kutofautiana kabisa: mmoja unautembea kwa miguu, mwingine unahitaji pikipiki hata kununua chumvi.

Goma imepangwaje? Au haikupangwa?

Yote mawili, inategemea umesimama wapi.

Kwanza angalia jinsi tulivyobanwa. Kusini kuna Ziwa Kivu. Mashariki kuna mpaka wa Rwanda, na Gisenyi iko pale pale ng'ambo. Kaskazini kuna Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, usiofika hata kilomita 20 kutoka mjini. Magharibi, ukishapita Mugunga, unagusa Hifadhi ya Virunga. Na ndani ya mji kuna uwanja wa ndege ambao njia yake ya kurukia imelala kama fimbo kutoka kaskazini hadi kusini. Hakuna anayeikatisha. Aliye upande wa Bujovu akitaka kwenda magharibi lazima aizunguke.

Mji ulianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama kituo cha Wabelgiji kilichotazamana na Wajerumani wa Gisenyi. Kando ya ziwa na kuzunguka Boulevard Kanyamuhanga barabara zilichorwa kabla ya nyumba. Ukipanda kuelekea Mabanga au Katoyi, sehemu kubwa bado utakuta avenyu zinakatana, nyembamba kweli, lakini zinakatana. Mtu akikuelekeza anasema "avenyu ya tatu, kulia", na unafika.

Halafu watu wakaja. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache. Baada ya hapo vita vya Masisi na Rutshuru viliendelea kuhamisha vijiji kuleta mjini. Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilikuwa 1984, hivyo kila anayekutajia idadi ya watu wa Goma anakadiria, ingawa wote wanakubaliana kuwa milioni moja tumeipita. Kwa vile mji ulikuwa umebanwa kabisa pande mbili, ya ziwa na ya mpaka, ukamwagika kwenye pande zilizobaki: magharibi kwa kufuata barabara ya Sake, Keshero, Ndosho hadi Mugunga, na kaskazini kwa kufuata barabara ya Rutshuru, Munigi, Turunga, Buhene. Huko kaskazini kisheria si mjini. Ni teritware (wilaya) ya Nyiragongo, ndani ya sheferi (eneo la shefu wa kimila) ya Bukumu. Ukitembea huoni mpaka wowote, paa la mwisho la mji linagusana na paa la kwanza la teritware. Lakini anayesaini karatasi ni mwingine, na anayekata njia ni mwingine.

Huko pembeni mchoro unageuka. Barabara kubwa moja, na vipito vinavyoning'inia pande zote mbili kama miiba ya samaki.

Kwa nini kartie mpya zina njia chache zinazokutana kuliko za zamani? Si wangejifunza?

Swali hili nalipenda, maana watu hujibu haraka kwamba ni ujinga au rushwa. Rushwa ipo, sikatai. Lakini hata malaika watupu wangekata ardhi vilevile kama kila mmoja angekata peke yake.

Chukua shamba la maharage lenye upana wa mita 40 na urefu wa mita 200, linaloanzia barabarani na kuishia kwenye shamba la mtu mwingine. Mwenyewe anauza kidogo kidogo, leo parsele moja kulipa shule, kesho nyingine kulipa hospitali. Anaanzia barabarani kwa kuwa hapo ndipo bei iko juu. Pembeni anaacha kipito cha mita 3 ili watu wa nyuma wapate kutoka. Kipito kinakwenda hadi parsele ya mwisho, kinakufa hapo. Jirani naye ana shamba lake, watoto wake, na shule yake ya kulipia. Anafanya vilevile. Baada ya miaka kumi kuna vipito viwili vilivyolala sambamba, mita 40 kati yao, na havikutani popote.

Kuviunganisha kunahitaji nini? Ukanda wa mita 3 kwa 40, yaani mita za mraba 120. Parsele ya kawaida ya 15 kwa 20 ni mita za mraba 300. Ukanda huo unapita parsele mbili, kwa hiyo kila mwenye parsele anaombwa atoe moja ya tano ya ardhi yake ili watu mia mbili wapunguze mwendo. Hao mia mbili hawakai kikao kumlipa. Yeye naye si mjinga. Kwenye kartie za zamani hasara hiyo ilikatwa mapema, kwenye karatasi, kabla ardhi haijawa ya mtu yeyote, na wote wakaigawana bila kujua.

Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Mashambani shefu wa kimila ndiye anayegawa, na watu wanajenga kwa karatasi ya shefu. Kadastre, ofisi ya kupima na kuandikisha ardhi, ikifika, inafika kuchora kile kilichokwisha kujengwa. Sisi wapimaji tumekuwa waandishi wa historia badala ya wapangaji.

Kuna na dhambi ndogo ndogo. Kile kipito cha mita 3 hakibaki mita 3. Mmoja anatoa ngazi, wa pili anachimba choo, wa tatu anarundika mawe ya kujengea "kwa wiki mbili tu", na mawe yanaota nyasi. Nimepima kipito kimoja Lac Vert kilichoanza na mita 3 na senti 10 barabarani na kuishia na senti 90. Jeneza linapita humo likiwa limeinamishwa upande.

Lakini njia isiyotokea ina utulivu. Watoto wanacheza, wageni hawapiti. Ubaya uko wapi?

Ubaya si wote. Mke wangu anaanika nguo kwenye njia ya namna hiyo na hataki kusikia habari za kuifungua.

Wazo hilo hata wasomi walilipenda. Mwaka 1929, Radburn katika jimbo la New Jersey, Marekani, ilijengwa kwa makusudi na barabara zinazoishia ukutani ili magari yasipite mbio mbele ya watoto. Miaka ya 1930 idara ya serikali kuu ya Marekani iliyodhamini mikopo ya nyumba ikawahimiza wajenzi waachane na mraba, wafuate mpango huo. Wajenzi wakafuata kwa miongo sita. Ila waliiga nusu tu. Kule Radburn, gari ndilo lililokuwa likikwama. Mtembea kwa miguu alikuwa na kipito chake nyuma ya nyumba, kinachoendelea hadi bustanini na shuleni. Walioiga walibeba ukuta wakaacha kipito.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema: ziba gari ukitaka, usizibe mguu. Kipito cha mita 2 chenye nguzo katikati kinamzuia mwenye gari na kumpitisha mama mwenye bidoni ya maji kichwani.

Kuhusu usalama, nimeona pande zote mbili. Njia isiyotokea inawafanya majirani wamtambue mgeni. Lakini usiku wanaobisha mlango wakiwa na silaha wanajua vizuri kwamba huna pa kukimbilia.

Umbali unaongezeka kwa kiasi gani? Si mita chache tu?

Nilikwenda Keshero kupima parsele ya mama mmoja muuza makala (mkaa). Uzio wake wa nyuma ulikuwa wa mawe, na ng'ambo ya nyumba moja tu tulisikia watoto wa shule wakiimba hesabu zao. Tulikadiria mita 60. Mjukuu wake alisoma hapo. Nikamwambia, "Mama, huyu ana bahati, anaamka kengele ikilia." Akacheka kicheko cha kunionea huruma. Akaniambia nimfuate mtoto.

Tukatoka kipitoni hadi barabara ya vumbi, tukashuka hadi barabara kubwa ya Sake, tukaifuata tukibanwa na malori, tukapanda kipito kingine hadi langoni mwa shule. Karibu mita 900. Mara 15 ya umbali wa kweli. Mtoto huyo alikuwa na miaka saba, na sehemu ya hatari ya safari yake, ile ya malori, haikuwa ya lazima hata kidogo. Wakubwa walikuwa wakiruka uzio. Yeye hakuwa mrefu wa kutosha.

Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ndiyo inayoumia zaidi. Watu wa nje huona mbao na magurudumu wakapiga picha. Sisi tunajua ina urefu wa mita mbili na inabeba magunia ya viazi yanayoshuka kutoka Kibumba. Ikiingia kipito kisichotokea haigeuki. Unashusha magunia yote, unaigeuza tupu, unapakia tena. Nimemwona kijana akifanya hivyo mara mbili kwa asubuhi moja kwa sababu mteja alimwelekeza vibaya.

Volkano inahusianaje na haya?

Inahusiana kuliko kitu kingine chochote, na nashangaa tunavyozungumza juu ya volkano kana kwamba ni habari ya mlima tu.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Ilifunika karibu asilimia 13 ya mji pamoja na sehemu ya njia ya ndege. Zaidi ya hapo, iliukata mji vipande viwili. Aliyekuwa mashariki njia yake ilikuwa Gisenyi, aliyekuwa magharibi njia yake ilikuwa Sake, na familia zilizokuwa zimetawanyika, baba sokoni, mama nyumbani, zilijikuta kila mmoja upande wake.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka tena. Mara hii lava ilisimama pembeni, upande wa Buhene, lakini ilikuwa imekata barabara ya Rutshuru. Siku tano baadaye, asubuhi ya tarehe 27, tukaamriwa kuondoka kwenye kartie 10 kati ya 18. Kaskazini palikuwa pamefungwa na mawe yanayofuka moshi. Zilibaki barabara ya Sake, mpaka wa Rwanda, na mitumbwi na meli za ziwani.

Nilikuwa kwenye barabara ya Sake siku ile. Magodoro vichwani, mbuzi wamefungwa nyuma ya pikipiki, wazee wamekalishwa juu ya chukudu. Nilichokiona kama mpimaji ni kwamba kila kipito kilikuwa kinamwaga watu wake mahali pamoja. Watu wa kipito cha juu hawakuwa na namna ya kwenda magharibi kwa kupitia kipito cha jirani yao wa magharibi. Lazima washuke barabarani kwanza, kama maji yanavyoshuka mfereji. Kama kungekuwa na njia mbili tu nyuma ya nyumba, sambamba na barabara kubwa, hata za miguu, msongamano ule ungegawanyika mara tatu. Ardhi ya kuzipitisha ilikuwepo mwaka 2002. Ilikuwa migomba na mawe.

Moto, maji, umeme?

Gari la zimamoto halipiti kipito cha mita 2, na mahali ambapo nyumba nyingi ni za mbao kila mtu anajua maana yake.

Maji yana kisa chake. Bomba linafuata njia. Njia ikizunguka na kukutana, bomba nalo linazunguka: likipasuka sehemu moja unaifunga hiyo, watu wanakunywa kutoka upande wa pili. Bomba linaloishia ukutani likipasuka, wote walio mbele wanakauka, na hata likiwa zima, maji yake ya mwisho hulala na kukusanya tope. Na usisahau kwamba hapa kwetu kuchimba mtaro wa mita moja ni kupigana na jabali. Kila mita ya bomba inayozunguka bure ni nyundo na patasi za bure.

Motari, waendesha pikipiki za abiria, wanasema tatizo ni ubovu wa barabara. Si tutie lami yaishe?

Motari anasema kweli kuhusu mgongo wake. Lami ni nzuri, vumbi la Goma si la kupumua. Ila lami juu ya mti inaacha mti ulivyo. Unafika kwa kasi zaidi kwenye foleni ileile.

Tena barabara kubwa ikitiwa lami na kupanuliwa, bei ya ardhi mbele yake inapanda, mashambani zaidi panakatwa haraka zaidi, na vipito vipya vinaongezwa kwenye barabara hiyo hiyo moja. Baada ya muda imejaa tena. Kama fedha ni za kitu kimoja, mimi ningenunua ukanda wa mita 6 wa kuunganisha njia mbili zilizokufa kabla ya kununua lami. Vumbi linaweza kusubiri miaka mitano. Ukanda ule mwakani utakuwa na nyumba.

Miji mingine ulimwenguni imefanyaje?

Watafiti wawili, Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, walichukua ramani za barabara za dunia nzima na kuangalia njia za kila kipindi zilivyokutana. Kwa Marekani, kazi yao ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba barabara mpya zilizidi kuachana katika karne ya 20 hadi miaka ya 1990 katikati, kisha zikaanza kurudi kukutana. Sababu mojawapo ni kwamba baadhi ya serikali za mitaa zilichoka. Mwaka 2009, kwa mfano, jimbo la Virginia lilianza kudai mitaa mipya iunganishwe na ya jirani kabla ya serikali kukubali kuitunza.

Mwaka 2020 walitoa picha ya dunia, na hapo habari si njema: sehemu nyingi zinaelekea kwenye mti. Asia ya Kusini-Mashariki imeongoza, ikisukumwa na mitaa ya kuzungushiwa ukuta yenye lango moja na mlinzi. Amerika ya Kusini sehemu kubwa imebaki na miraba yake, na Japani nayo njia zake zinakutana vizuri. Ujerumani na Denmark zina barabara za gari zisizotokea, lakini wameacha vipito vya miguu na baiskeli. Radburn kamili, si nusu.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa Barcelona. Mwaka 1859 mhandisi Ildefons Cerdà alichora upanuzi wa mji wenye vitalu vya mita 113 na barabara za mita 20, wakati sehemu kubwa ya eneo hilo lilikuwa mashamba matupu. Vitalu vilikuja kujengwa polepole. Nyumba zilibadilika, ghorofa zikaongezwa, magari yakaja, sasa wanayaondoa baadhi. Njia ziko pale pale.

Na ndugu zetu wa Bukavu na Lubumbashi?

Bukavu imechongwa na Mungu, na Mungu hakutumia rula. Rasi zake zilizoingia ziwani, kama La Botte, ni njia zisizotokea za asili: unaingia kwa shingo moja, unatoka kwa shingo ileile. Kwenye miteremko ya Kadutu barabara ya gari hupita chini au juu, na katikati watu hupanda kwa ngazi za udongo ambazo mvua huzisomba. Pale kipito kilichojengwa kwa mawe kina thamani kuliko barabara.

Lubumbashi ni kinyume. Ilizaliwa 1910, mwaka ule ule reli ilipofika kutoka kusini, na ikachorwa kwa rula kwenye tambarare. Katikati ya mji, na kwenye komuni za Kamalondo, Kenya na Katuba, avenyu zimenyooka hadi macho yanachoka. Lakini Wabelgiji waliacha ukanda mtupu kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika, na njia za kuuvuka zilikuwa chache kwa kusudi. Ndani ya kila upande njia zilikutana. Kati ya pande mbili hazikukutana. Kwa hiyo mtu akikuonyesha ramani yenye miraba mizuri, muulize kwanza miraba hiyo inaungana na nani.

Nyumba zikibomoka, si nafasi ya kuchora upya?

Kila mtu hudhani hivyo. London iliungua mwaka 1666, na Christopher Wren akapeleka mchoro mzuri wa mji mpya ndani ya siku chache. Haukutumika. Wenye viwanja walirudi kwenye majivu, kila mmoja akatafuta pake, na mji ukainuka karibu juu ya njia zilezile.

Goma 2002 tuliona jambo hilo kwa macho. Lava ilikuwa bado ina joto, watu wakapanda juu yake kutafuta parsele zao. Kuta zilikuwa zimezikwa, alama zimekwenda, lakini mtu alisimama akaangalia paa la kanisa, akaangalia mti uliobaki, akahesabu hatua, akasema "ni hapa". Na mara nyingi alikuwa sahihi, nilikuja kupima baadaye. Nyumba imekufa, mpaka haukufa.

Njia zinatakiwa ziwe nyingi kiasi gani?

UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi, hupendekeza barabara zichukue angalau asilimia 30 ya ardhi, na ziwe na urefu wa angalau kilomita 18 ndani ya kila kilomita moja ya mraba. Ukikata vitalu vya mita 100 unapata kilomita 20 hivi na makutano kama 100. Ukikata vya mita 200, kilomita zinashuka hadi 10 na makutano hadi 25. Tazama: kitalu kimekuwa mara mbili, makutano yamebaki robo.

Mwuzaji wa ardhi akisikia asilimia 30 anashika kichwa. Mimi simlazimishi. Namwambia: kila mita 100, acha tokeo. Hata la mita 4.

Nataka kununua parsele Turunga au Mugunga. Nitazame nini?

Usitazame parsele kwanza. Tembea kipito hadi mwisho wake. Kama kinaishia kwenye shamba, tafuta mwenye shamba umuulize ataliuza lini na atapitisha njia wapi. Jibu lake ni sehemu ya bei yako. Pima kipito mahali pembamba kabisa, si mahali ulipoonyeshwa. Nenda siku ya mvua. Na hakikisha kipito kimeandikwa kwenye karatasi yako kwa mita, chenye saini ya shefu na ya majirani wa pande zote mbili. "Kipito kipo" bila vipimo haina maana yoyote siku ya ugomvi.

Jirani amejenga ukuta kwenye kipito. Nifanye nini?

Nenda siku ileile, saruji ikiwa mbichi. Ukuta wa mwezi mmoja una wanasheria. Anza kwake, na mtu mzima anayemheshimu, si na kelele. Halafu shefu wa avenyu, halafu wa kartie. Nenda na mchoro, au hata picha ya simu ya zamani inayoonyesha watu wakipita hapo. Picha ya harusi iliwahi kuokoa kipito kimoja Katindo. Na mwachie jirani jambo la kupata: wakati mwingine amekubali kurudisha mita 2 kati ya 3 alizokula, na nilishauri wakubali.

Naweza kupima kartie yangu mwenyewe?

Unaweza, kwa saa mbili na daftari. Chora njia zote za eneo la mita 500 kwa 500. Weka 4, 3 au 1 kila mahali, tafuta wastani. Kisha chagua safari tano za kweli, nyumbani hadi shule, bomba, soko, kituo cha afya, kituo cha motari; hesabu hatua kwa njia na uzigeuze kuwa mita, halafu kadiria umbali wa moja kwa moja kwenye ramani ya simu, na ugawanye. Ikiwa safari moja inazidi mara 3, kuna ukuta mmoja mahali fulani unaoisababisha, na kwa kawaida unaweza kuugusa kwa kidole. Vipito ambavyo havimo kwenye ramani ya OpenStreetMap unaweza kuviongeza wewe mwenyewe, ni bure. Jina la avenyu liandike kama wenyeji wanavyolitamka.